Staa wetu kapiga picha na mjusi wa Lindi, kaandika "kwetu hatuna"

Haya wadau, kuna staa mmoja wa kike, jina naliweka kapuni maana wenye akili mshamjua. Wiki iliyopita katupia picha za mtoko wake Berlin. Asubuhi yuko bustani ya mimea kule Dahlem, aiskrimu mkononi, shemeji yetu pembeni anamshikia mkoba. Mchana wakazama makumbusho. Picha ya mwisho kasimama chini ya mifupa ya mjusi mkubwa, kaandika: "Ulaya raha, kwetu hatuna vitu hivi."

Dada, huyo mjusi ni wa kwenu!

Na mwenyewe kila siku anajinadi ni mtoto wa Newala. Mifupa hiyo ilitoka Tendaguru, mkoani Lindi. Wajerumani waliichimba kuanzia 1909 hadi 1913, miaka michache tu baada ya Majimaji. Waliotoa jasho ni watu wa Kusini, msimamizi wao akiitwa Boheti bin Amrani. Wapagazi wakaibeba kichwani, siku kadhaa kwa miguu hadi bandari ya Lindi. Zaidi ya tani 200! Leo mjusi kasimama Berlin, urefu mita 13 na ushee, watu wanalipa kiingilio kumtazama. Bungeni kwetu hoja ya kumrudisha huibuka, ikapoa, ikaibuka tena.

Sasa wale mliomwita mshamba, tulieni kidogo. Nusu yenu mnapita Posta kila siku na makumbusho ya taifa hamjawahi kuingia. Mle ndani kuna habari za Zinjanthropus, lile fuvu aliloliona Mary Leakey pale Olduvai mwaka 1959. Ukitoka, hatua chache tu kuna bustani ya mimea iliyoanzishwa na Wajerumani haohao mwaka 1893. Kivuli cha kutosha, kelele za daladala unazisikia kwa mbali. Ukienda na mtu wako mkakaa mpaka jua lipoe, hela mtakayotumia haifiki ya sahani mbili za kuku huko mnakokwendaga kupiga selfi. Mtoko wa Berlin mnauonea wivu, wa Posta mnauona wa wanafunzi.

Ila na yeye, hilo neno "hatuna" limeniuma. Mwaka 1984 kinyago cha Kimakonde kiliibwa kwenye makumbusho hayohayo ya Dar, kikaja kuonekana Geneva, kwenye makumbusho ya watu binafsi. Kimerudi 2010, baada ya miaka na miaka ya kuvutana. Na hapo Newala kwao, mwaka 1906 alifika Mjerumani mmoja, Karl Weule. Alikusanya vyombo vya watu, akarekodi na nyimbo zao kwa fonografu, mzigo ukaenda Ujerumani. Huenda babu wa babu yake anaimba humo, nani ajuaye?

Kwa hiyo tulikuwa navyo, tena vingine bado tunavyo. Dada ana wafuasi kibao. Akisema neno moja tu, vijana wa Masasi na Newala watamjua huyo mjusi kuliko walivyofundishwa shule. Picha asiifute, kapendeza sana. Abadili maandishi tu, aweke "Lindi" pale.