Wanaokufa Wakienda Zamu



Tukutanapo Tononoka, kabla mwenyekiti hajagonga meza, pana habari moja ambayo haikosi. Fulani kagongwa na tuktuk. Fulani wa karakana yuko Makadara hospitali, mguu umetiwa plasta. Watu hutoa pole, kofia hupitishwa kwa mchango, kisha twaingia katika mambo ya mishahara kana kwamba habari ile ya kwanza haikuwa ya chama. Toleo hili lasema kuwa ni ya chama, na twaomba kila mtu alisome mpaka mwisho kabla hajalifungia karanga.

Kwanza hesabu. Mamlaka ya serikali iangaliayo usalama wa barabara, ambayo watu wote huiita NTSA, ilihesabu watu 4,324 waliokufa barabarani katika Kenya nzima mwaka 2023. Mwaka 2024 jumla ikawa 4,748. Hao ni watu 424 zaidi katika mwaka mmoja, na ukiigawa jumla ya pili kwa siku za mwaka wapata watu 13 kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwamo. Kundi kubwa kuliko yote ni la watu wa miguu. Nyuma yao wafuata watu wa pikipiki. Sasa tuulizane, katika mji huu ni nani aendaye kwa miguu alfajiri na kurudi kwa miguu usiku? Si mwenye meli. Ni mtu wa bandari, ni mfagiaji, ni mpishi wa hoteli, ni mtu wa reli.

Neno lenyewe "ajali" latudhuru. Mtu akisikia ajali hufikiri siku ya marehemu ilikuwa imefika, basi hakuna la kuuliza. Mambo ya siku ya mtu kufika tunamwachia Mungu. Lakini breki mbovu hazikuandikwa mbinguni. Ziliachwa na mtu, na mtu huyo ana jina na ana faida aliyoipata kwa kuziacha.

Sisi wa reli hatuna ruhusa ya kusema "bahati mbaya". Behewa likitoka njiani, hata kama halikumwua kuku, huundwa baraza la uchunguzi. Huulizwa ni nani aliyetoa kibali cha njia, na kwa saa ngapi. Ishara ilikuwa inaonyesha nini? Breki zilijaribiwa wapi mara ya mwisho? Dereva alikuwa kazini tangu lini, na alilala saa ngapi kabla yake? Majibu huandikwa, na kanuni ikionekana ina tundu, tundu huzibwa. Kazi yetu yote imesimama juu ya shuruti moja ndogo, kwamba gari haliingii katika kipande cha njia mpaka ijulikane kuwa kipande hicho ki wazi.

Shuruti hiyo haikushuka tu kutoka ofisini. Ilinunuliwa. Tarehe 12 Juni 1889, karibu na mji wa Armagh katika Ireland, gari la moshi lililochukua watoto wa shule ya Jumapili na wazazi wao lilishindwa kupanda kilima. Wakayakata mabehewa ya nyuma, wakayaacha pale kwa breki isiyotosha na mawe chini ya magurudumu. Yakarudi nyuma, yakagongana na gari lililokuwa likifuata njia ile ile. Watu 80 walikufa. Ilikuwa rahisi kumfunga dereva na kusahau. Lakini haikutimia miezi mitatu, sheria ikatoka Uingereza kulazimisha kampuni zote za reli zitumie breki zinazoshika kila behewa, na zisiingize magari mawili katika kipande kimoja cha njia. Kampuni zilikuwa zimelalamika kwa miaka mingi kwamba gharama ni kubwa.

Hatusemi kwamba reli ni safi. Januari 1993 daraja la Ngai Ndethya lilichukuliwa na mafuriko, na gari la abiria lililokuwa likija Mombasa likatumbukia usiku. Watu zaidi ya 100 walikufa, na wazee katika tawi hili bado hawapendi kulizungumza jambo hilo. Twasema tu kwamba kwetu kifo huzaa swali. Barabarani kifo huzaa mchango wa mazishi.

Lakini kanuni za barabarani zipo, tena nzuri. Tarehe 1 Februari 2004 zilianza kazi zile kanuni ambazo mpaka leo watu huziita za Michuki, kwa jina la marehemu John Michuki aliyekuwa waziri wa uchukuzi. Matatu zikatiwa mstari wa manjano, zikafungwa vidhibiti mwendo visivyopita kilomita 80 kwa saa, mikanda ikawekwa, abiria wakahesabiwa, dereva na makanga wakavishwa sare. Wiki ile magari mengi hayakuwa tayari na watu wengi walikwenda kazini kwa miguu, lakini wengi wao walifurahi.

Ndani ya kanuni zile zile lilikuwamo sharti jingine ambalo halionekani kwa macho kama mstari wa manjano. Mwenye matatu alitakiwa amwajiri dereva na makanga kazi ya kudumu na awalipe mshahara wa mwezi. Hilo ndilo la chama, na ndilo lililoachwa likalala. Mstari ulipakwa rangi, sare ikashonwa, na mkanda polisi aweza kuuona. Mshahara haumo barabarani, basi nani atausimamisha?

Matokeo yake twayaona. Dereva wa matatu au wa tuktuk anaanza siku akiwa na deni. Tajiri ataka hesabu yake jioni, iwe mvua au jua. Juu ya hesabu kuna mafuta, na juu ya mafuta kuna yale mengine ambayo kila mtu ayajua na hatuna haja ya kuyataja. Kitakachobaki ndicho chakula cha watoto. Mtu wa namna hiyo akiona abiria wawili mbele na mwenzake yuko nyuma yake, hataangalia kivuko. Sheria ya Trafiki yakataza dereva wa gari la abiria au la mizigo kuendesha zaidi ya saa 8 katika saa 24. Mwulizeni dereva yeyote kituoni kama amewahi kupumzika ilipotimia saa ya nane. Atadhani mwamfanyia mzaha.

Tunawalaumu madereva hawa kwa urahisi sana, na wengine kweli wastahili lawama. Lakini mwenzetu anayeendesha gari la moshi akiona taa nyekundu husimama, na mshahara wake haupungui kwa kusimama. Mngemlipa kwa safari na kumdai hesabu jioni, sijui taa hiyo angeiona vipi.

Kuhusu mwendo wenyewe, ile hesabu ya darasani yatosha. Gari lendalo kilomita 50 kwa saa, ambao ndio mwisho ulioruhusiwa mjini, hukata mita 14 kila sekunde. Dereva mwema huchukua sekunde moja hivi tangu aone mtu mpaka mguu ukanyage breki. Kwa hiyo mita 14 zimekwisha na gari halijaanza kupunguza mwendo. Kisha breki nzuri katika lami kavu zataka mita nyingine kama hizo. Kwa kilomita 80, sekunde ile moja hula mita 22, na breki zataka mita 36 hivi, kwa maana mwendo ukizidi mara mbili nafasi ya kusimama huzidi mara nne. Kwa hiyo mtu aliyekuwa mbele kwa mita 30 angepona kwa mwendo wa kwanza, na kwa mwendo wa pili gari humkuta hata breki hazijashika sawasawa. Hapo tumesema lami kavu na breki nzuri. Mwezi wa Mei lami ya Mombasa si kavu.

Pikipiki ni jambo la miaka yetu. Mwaka 2008 serikali iliondoa kodi kwa pikipiki ndogo, zikaingia kwa maelfu, na vijana wengi wasio na kazi wakapata riziki. Hatuwezi kuilaani riziki hiyo. Lakini kofia ngumu imekuwa pambo la kuning'inizwa kwenye usukani. Shirika la Afya Duniani lasema kofia nzuri iliyofungwa barabara hupunguza hatari ya kufa kwa zaidi ya theluthi. Abiria aogopa uchafu wa kofia iliyovaliwa na kila mtu, na kweli huwa chafu. Basi mwanachama apandaye pikipiki kila siku na anunue yake, aweke jina lake ndani.

Tazameni na mtaa wetu. Zamani wafanya kazi wengi wa reli walikaa katika nyumba za reli, karibu na kazi, na kipenga kilipolia mtu alivuka uwanja tu. Leo wanachama wamesambaa, Kisauni, Likoni, Mikindani, Miritini. Stesheni mpya ya abiria wa Nairobi ilifunguliwa mwaka 2017 huko Miritini, nje ya kisiwa. Mtu wa zamu ya alfajiri atoka Tononoka kungali giza, apite Mwembe Tayari, ashike Jomo Kenyatta kwenda Makupa, na kutoka Makupa kwenda Changamwe ajikuta pamoja na malori ya makontena yanayotoka bandarini. Anayekwenda upande wa Nyali akutana na mabasi ya Malindi na Lamu katika barabara ya Abdel Nasser. Palipo na njia ya miguu, mara nyingi imekwisha chukuliwa na meza za biashara na pikipiki zilizoegeshwa, na mtu hushuka barabarani si kwa ujinga bali kwa kukosa pa kukanyaga. Yaliyotokea Londiani tarehe 30 Juni 2023, lori lilipoacha njia likawaingilia wachuuzi na watu waliokuwa kituoni wakafa zaidi ya 50, yalionyesha gharama ya kubanana namna hiyo. Serikali ikaamuru wachuuzi waondoke kando ya barabara. Haikusema waende wapi, na wengi wamerudi.

Kuna watakaouliza kwa nini tusiseme tu kwamba makontena yote yarudi relini na malori yaondoke. Mzigo mzito kwa safari ndefu kweli ni kazi ya reli, hilo hatulifichi. Lakini serikali ilipolazimisha makontena yaende kwa reli mpya, kwa amri ya mwaka 2019, watu wa Mombasa walioishi kwa malori walipoteza kazi, wakaandamana, na Mahakama Kuu hapa Mombasa ikaiona amri hiyo haikufuata katiba mwaka 2020. Hatutaki usalama wetu ununuliwe kwa njaa ya madereva wenzetu.

Sasa twafika kwenye jambo linalowagusa moja kwa moja, na hapa twaomba msome polepole. Sheria ya fidia kwa waumiao kazini, ya mwaka 2007, yamlinda mtu aliyeumia katika kazi. Safari ya kwenda kazini na kurudi, je, ni kazi? Kifungu cha 10 chasema safari hiyo huhesabiwa kuwa kazi ikiwa mwenye kuajiri ametoa gari maalum kwa ajili hiyo, bila malipo, likiendeshwa na yeye au na mtumishi wake. Maana yake mwanachama aliyegongwa akiwa ndani ya gari la zamu ana madai kwa mwajiri. Mwanachama aliyegongwa mita mia kutoka hapo, zamu ile ile, saa ile ile, akiwa katika tuktuk aliyolipia mwenyewe, kifungu hicho hakimfikii. Atabaki kufuata bima ya gari lililomgonga, ambayo kwa sheria ina mwisho wa shilingi milioni 3, na lazima kwanza gari lijulikane. Gari lililokimbia bila namba kuonekana halina bima.

Ndiyo maana gari la zamu si anasa wala hisani. Sehemu nyingi za kazi hapa mjini zilikuwa nalo zikaliondoa kwa kupunguza gharama, na hapakutoka sauti, kwa sababu tulidhani tumenyimwa starehe. Tulinyimwa fidia. Katika mapatano yajayo jambo hili litatangulia, kwa zamu zianzazo kabla ya saa kumi na mbili asubuhi na ziishazo baada ya saa tatu usiku. Tutawaandikia pia wenzetu wa vyama vya matatu, tuktuk na malori kuhusu lile sharti la mshahara wa mwezi, maana hatuwezi kudai peke yetu jambo linalowahusu wao zaidi.

Wakati tungali tukidai, mwanachama akigongwa, aliye karibu aandike namba ya gari kabla ya kufanya jingine isipokuwa kumwokoa. Jambo lipelekwe polisi upesi na karatasi ya polisi itunzwe pamoja na karatasi za hospitali. Kama aliumia akiwa kazini, mwajiri aarifiwe mara moja, na madai yasipitishe miezi 12. Kesi ya kumdai mwenye gari huwa na miaka 3, lakini mashahidi hawangoji miaka 3.

Karani wa tawi amefungua daftari. Kila mwanachama aliyegongwa, au aliyeponea chupuchupu, akienda au akirudi kazini, aandikishe siku, saa, mahali hasa, aina ya gari, zamu aliyokuwa nayo, na kama kulikuwa na taa. Wasiojua kuandika wataandikiwa. Tutakapokaa na wenye kuajiri na watu wa kaunti twataka tuweke daftari hilo mezani, tuonyeshe kona ipi, saa ngapi, na wangapi. Karani yupo kila Jumanne na Ijumaa baada ya zamu ya mchana.