Amelala, msimwamshe

KERO ZA WIKI, na Bi Kero

Jumamosi adhuhuri, Sinza, nje ya duka la televisheni. Kaskazi imekata, jua liko utosini, mbwa wamehamia uvunguni mwa magari. IST nyeusi imeegeshwa juani, injini imezimwa, vioo vyote tinti. Kimoja kimeshushwa upana wa vidole viwili, na kwenye upenyo huo ndimo nilimoona mtoto wa miaka kama miwili, kafungwa mkanda vizuri kabisa, nywele zimegandana kwa jasho.

Mlinzi kakaa kivulini. Mwenye gari yuko wapi? "Yupo ndani, mama. Kaniambia nimwangalizie." Umwangalizie nini, gari au mtoto? "Vyote, mama." Kwa jero.

Nikaingia dukani, kiyoyozi kikanipokea kama mgeni rasmi. Baba mtu kasimama mbele ya televisheni ya inchi 55, anabishania waranti. Nilipomweleza akanijibu kwa upole: "Amelala, dada. Nikimwamsha atasumbua. Halafu nimemwachia upenyo, na ni dakika tano tu."

Dakika tano! Wasomaji wangu wa siku zote mnazijua. Ndizo alizoniomba fundi wangu wa nguo wa Mwenge amalizie gauni la harusi, na ndoa yenyewe sasa ina watoto wawili.

Upenyo ni uongo. Jua hupenya kioo, hupasha viti na dashibodi, na joto likishaingia halina pa kutokea. Vidole viwili vya hewa havipunguzi kitu cha maana. Dakika kumi za kwanza tu, ndani kunazidi nje kwa nyuzi kama 10. Dar ikiwa na nyuzi 32, baada ya nusu saa mle ndani ni karibu 50. Na mwili wa mtoto hushika joto upesi mara tatu hadi tano kuliko wa mtu mzima. Tena mtoto aliyezidiwa na joto hulegea, hufumba macho, hanung'uniki. Wewe uliyeko kwenye kiyoyozi utajuaje kuwa huyo amelala?

Shemeji yangu mwenye Noah nilipomsimulia alicheka: "Mbona sisi tulikulia juani?" Juani, shemeji, penye upepo na mwembe, na miguu ya kukimbilia kivulini. Si ndani ya bati ambalo mlango wake wa nyuma umewekwa kitasa cha watoto, haufunguki kwa ndani hata ulie vipi.

Marekani hufa kwa joto la ndani ya gari watoto wapatao 37 kwa mwaka, kwa wastani, na zaidi ya nusu yao walisahauliwa. Italia tangu 2019 wamelazimisha mtoto wa chini ya miaka minne awe na kiti chenye king'ora. Sisi king'ora cha nini? Huyu wa Sinza hakusahau. Alimwacha kwa hiari yake, kwa sababu hapa kwetu mtoto aliyenyamaza huhesabiwa kuwa yuko salama. Trafiki naye atakusimamisha akague kizimamoto na pembetatu, basi. Na wengine katika wale waliokufa huko Marekani, kama robo hivi, waliingia wenyewe kwenye gari lililoachwa wazi. Hapo nawasema ninyi wenye magofu ya magari uani, kuku wanatagia kwenye usukani na watoto wa mtaa mzima wanajifichia humo wakicheza kombolela. Fungeni hayo magari, au yauzeni kama chuma chakavu.

Nikamtoa yule bwana dukani kwa kelele, waranti ikabaki mezani. Alifungua mlango wa mbele kwanza. Akachomoa simu kwenye chaja, maana ilikuwa imeandika kwenye kioo chake kuwa imepata joto mno, akaipuliza puliza, akaiweka mfukoni. Ndipo akaenda mlango wa nyuma. Mtoto akalia, mashallah, kwa sauti kubwa, tukamtafutia maji.

Mlinzi akaninong'oneza: "Mama, hata mimi niliona. Lakini ningevunja kioo, nani angelipa?"

Siku nyingine piga kelele kwanza, mwanangu, na mwenyewe asipotokea, vunja. Kile cha upande wa pili, vipande visimrukie mtoto. Vioo vya IST vimejaa Gerezani na Ilala, mitumba ya Japani, na fundi anakufungia kabla soda haijaisha.