Jina Halimo Kwenye Msimbo

BARAZANI KWA FUNDI
Na Saidi Mtengo

Mwaka 2009 nilikuwa na kompyuta kuukuu inayotumia mfumo endeshi wa Debian. Siku moja, kwenye kafe ya intaneti Tanga mjini, kijana aliyekaa jirani nami aliinama akachungulia kioo changu. "Kaka, hiyo Iceweasel ndiyo nini? Umeingiwa na virusi?" Nikamwambia ni kivinjari cha Firefox. Akacheka kicheko cha mtu anayejua anadanganywa. Kurasa zilifunguka vilevile, vitufe vilikuwa palepale. Aliyekosekana ni mbweha tu.

Sikumdanganya. Firefox ni programu huria: msimbo wake ni ruhusa kuunakili, kuuchokonoa na kuugawa. Jina na ile nembo ya mbweha, hata hivyo, ni alama za biashara za Mozilla, watengenezaji wake, na hizo zinalindwa na sheria nyingine kabisa.

Wapenzi wengi wa programu huria hupandwa na hasira wakisikia hivyo. Mimi sikasiriki, walau kwa upande mmoja. Chukua matoleo mabichi. Firefox 3 ilipokuwa bado jikoni, matoleo yake ya mwanzo ya majaribio yaliitwa Gran Paradiso, na yale yaliyojengwa kila usiku yakaitwa Minefield, yaani uwanja wa mabomu ya kutegwa. Onyo gani tena ulitaka? Hadi leo ukiuchukua msimbo ukajijengea mwenyewe, usipoiwasha nembo rasmi kwa makusudi, mbweha hatokei. Utapata dunia ya samawati, basi. Naona ni haki. Mtu akiligawa toleo la jana usiku kwa jina la Firefox, nalo likaanguka mara tano kwa siku, hakuna atakayemtafuta yeye. Atakayetukanwa ni mwenye jina.

Na Mozilla adha ya majina wanaijua. Kivinjari hiki kilizaliwa Phoenix. Jina likawa na mwenyewe, kikaitwa Firebird mwaka 2003. Kumbe Firebird nayo ilikuwa hifadhidata ya watu wengine, tena huria vilevile! Februari 2004 ndipo kikawa Firefox.

Ninapogombana nao ni kwa Debian, waunda mfumo wa kompyuta yangu, waliougawa pamoja na Firefox. Hawa hawakuwa wakigawa kitu kibichi. Kazi yao ilikuwa kushika toleo la zamani lililotulia na kulitia viraka vya usalama, hata baada ya Mozilla wenyewe kuliacha mkono. Nembo hawakuiweka kwa kuwa masharti ya haki zake hayakuwa huru, na Debian kwa mambo hayo ni wagumu kama mpingo. Mwaka 2006 Mozilla wakawaambia: jina haliendi bila nembo, na mabadiliko yenu tuyaidhinishe kwanza. Utaidhinishiwaje kiraka cha toleo ambalo mwenzako keshalizika? Debian wakaliacha jina, wakaja na Iceweasel, kicheche wa barafu. Kanuni iliyofaa kumzuia mgawa vibichi ikamwangukia fundi aliyekuwa akiziba matundu.

Miaka kumi ikapita. Mwaka 2016 walipatana, na Debian wakalirudisha jina la Firefox. Kompyuta yangu kuukuu haikuwahi kumwona mbweha; iliungua kabla.