Kucha za mchezaji wa Kampala

Agosti 2010 nililaza nyumbani kwangu, Muleba, mchezaji wa mpira ambaye hakuwa mchezaji wa mpira. Nilimchemshia maji, nikayatia chumvi, nikamwekea beseni karibu na taa ya chemli ili akande miguu kabla ya mechi ya kesho yake. Akaingiza miguu. Nikaziona kucha. Zilikuwa kumi, safi, nzima, zimekatwa vizuri kama za karani wa benki.

Nina kaka watatu na watoto wawili wa kiume, na wote wamecheza kwenye viwanja vyetu vile ambavyo nusu ni majani na nusu ni mawe. Sijaona kwao hata kidole gumba kimoja chenye ukucha mzima. Ukucha wa mpiga mpira huwa mweusi, au umepasuka, au umeng'oka na unaota upya umepinda. Hilo nalijua kama ninavyoujua mgomba ulioingiwa na mnyauko, sihitaji bwana shamba. Na bado nikajisemea moyoni: labda viatu vya Kampala ni laini.

Tulikuwa na fainali ya mbuzi. Asiyezijua ndondo za vijijini kwetu aelewe kwamba mbuzi mwenyewe si hoja. Hoja ilikuwa kijiji cha ng'ambo ya bonde, kilichokuwa kimetufunga miaka miwili mfululizo, na ambacho vijana wake walikuwa wanakatiza senta yetu kwa pikipiki huku wakipiga honi bila sababu. Mimi nilikuwa mweka hazina wa timu. Walinipa kopo la fedha kwa maelezo kwamba mwanamke hawezi kunywea rubisi michango ya watu, na kwa kweli sikuinywea.

Jioni moja akaja jamaa wa kamati, anahema. Kuna kijana amefika kwa mjomba wake Kemondo, anachezea timu ya vijana ya klabu kubwa ya Kampala, yuko likizo, anaweza kutuchezea fainali kwa shilingi elfu themanini. Kila kaya ilikuwa imetoa mia tano. Piga hesabu mwenyewe ujue ni kaya ngapi zilizokuwa ndani ya lile kopo.

Kijana alikuja na ushahidi. Alikuwa na jezi nyekundu yenye nembo na namba 10 mgongoni. Kwenye simu alikuwa na picha akiwa amesimama mbele ya uwanja wa Namboole. Picha ilikuwa ya kweli, na uwanja ulikuwa wa kweli. Kusimama mbele yake hakuna kiingilio. Mimi aliponiita "nyabo" badala ya mama, nikamalizika kabisa. Nilimtolea senene wa kukaanga niliokuwa nimewahifadhi tangu msimu uliopita, akawaita "nsenene", nikatikisa kichwa: huyu Mganda wa kuzaliwa. Marehemu bibi yangu, Mhaya asiyewahi kuvuka Mto Kagera, alilitamka neno hilo karibu vilevile.

Kesho yake alicheza dakika ishirini. Mpira wa kwanza ulipita chini ya mguu wake ukatoka nje. Wa pili aliupiga kwa ncha ya kiatu, ukamwendea mwamuzi. Mashabiki wetu wakasema anausoma uwanja. Kisha mtu wa upande wa pili, dereva wa lori la mahindi, akapaza sauti kutoka nyuma ya goli: "Huyu si kuli wa pale mpakani Mutukula?" Nilimwona kijana akigeuka kumtafuta aliyesema, na kwa jinsi alivyogeuka nikajua. Tulifungwa manne. Kabla ya jua kuchomoza alikuwa ameondoka na elfu themanini zake, kwa maana malipo tulimpa mbele, kama tunavyowalipa mafundi na waganga.

Walinicheka mwezi mzima. Na kwetu tukianza kucheka tunajulikana hadi ughaibuni: mwaka 1962 kicheko kilichoanza kwa wasichana wa shule moja pale Kashasha kilisambaa mpaka Nshamba, na wataalamu wa dunia wanakiandika hadi leo.

Kilichonipa nafuu ni redio. Katikati ya Septemba, nikiwa namenya ndizi, nikasikia habari ya Bahrain, nikaweka kisu chini.

Tarehe 7 Septemba 2010, mjini Riffa, timu ya taifa ya Bahrain iliifunga Togo mabao 3-0 katika mechi ya kirafiki. Kocha wa Bahrain, Mwaustria Josef Hickersberger, akalalamika kwamba mchezo haukumsaidia kitu, kwa kuwa wageni hawakuwa na pumzi ya kucheza dakika 90. Siku chache baadaye viongozi wa soka wa Togo wakauliza: Togo ipi? Wao hawakupeleka timu Bahrain. Wachezaji wao wa kweli siku tatu kabla ya hapo walikuwa Botswana, katika mechi ya kufuzu Kombe la Mataifa ya Afrika. Waliocheza Riffa walikuwa watu waliookotwa na kuvalishwa jezi. Aliyewapeleka alikuwa Tchanilé Bana, ambaye aliwahi kuifundisha timu ya taifa yenyewe, na Togo ikamfungia miaka mitatu. Kwenye uandaaji wa mechi likatajwa jina la Wilson Raj Perumal wa Singapore, mpanga matokeo ambaye mwaka uliofuata alifungwa jela nchini Finland kwa kazi hiyohiyo.

Watu waliwacheka Waarabu wale. Mimi sikucheka. Yule kocha aliona nilichokiona mimi kwenye beseni: miili isiyolingana na sifa. Akakitafutia jina lingine, akakiita kukosa mazoezi.

Na walikuwa na sababu ya kuamini, tena nzuri kuliko yangu. Januari 8 mwaka huohuo basi la Togo lilikuwa limepigwa risasi Cabinda, Angola, na watu wa msafara wakauawa. Timu ikajitoa kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka ule. Aprili, Emmanuel Adebayor akatangaza kwamba hatachezea tena taifa lake. Kwa hiyo Togo iliposhuka Riffa bila sura hata moja inayojulikana, hakuna aliyeshtuka. Timu iliyofiwa, ambayo nyota wake ameondoka, itakujaje na sura zilezile? Uwongo ule ulikuja na maelezo yake tayari, na maelezo yenyewe yalikuwa ya kweli tupu.

Sisi pia tulikuwa na ukweli wetu wa kutupofusha. Tarehe 7 Juni mwaka huohuo, Brazil halisi, yenye Kaká na Robinho, ilikuwa imecheza na Taifa Stars Dar es Salaam. Tulifungwa 5-1, na bao la Jabir Aziz tulilishangilia kama kombe. Mtu aliyekwisha kuona Brazil wanakuja Dar utamwambia nini kwamba mchezaji wa akiba wa Kampala hawezi kuja Muleba? Kampala ni jirani zetu. Mwaka ule kila kitu kilikuwa kinawezekana.

Wasomi watasema watu wa kijijini ni wepesi kuamini. Hapana. Mimi ni mgumu mno. Muulize mfanyabiashara yeyote aliyewahi kuniuzia maharage kwa debe. Siku ile nilinyamaza kwa mambo mawili. La kwanza, mgeni. Kwetu mgeni amekaa, amekula, miguu yake imo kwenye maji yako, halafu umwambie nina shaka na kucha zako? Hata kulifikiria niliona haya. La pili ndilo tusilopenda kulisema. Yule kijana alikuwa mamluki. Sheria za mashindano zilitaka wachezaji wa kijiji tu, na sisi tulikuwa tumemwandikisha kwa jina la mpwa wa mwenyekiti. Tungemuulizia wapi? Tungempigia nani simu Kampala? Kila swali la kumfichua yeye lilikuwa linatufichua na sisi. Alitudanganya akiwa amekaa ndani ya udanganyifu wetu wenyewe, amejifunika blanketi letu.

Ndiyo maana habari ya vijeba, wachezaji wanaoficha umri, hainishangazi. Mwaka 2005 Serengeti Boys, timu yetu ya taifa ya vijana, walikuwa wamefuzu kwenda Gambia, fainali za Afrika za vijana chini ya miaka 17. CAF, shirikisho la soka la Afrika, ikawaondoa kwa kuchezesha mchezaji aliyezidi umri, na Zimbabwe wakachukua nafasi. Nakumbuka mjini Bukoba watu wakigombana na redio. Tulionewa, walisema. Wivu wa Wazimbabwe, walisema. Sikumsikia hata mmoja akiuliza umri wa kijana mwenyewe.

Miaka 12 baadaye upepo ukageuka. Kongo-Brazzaville walitutoa, sisi tukawalalamikia kuhusu mchezaji wao mmoja. CAF ikamwita akapigwe picha ya MRI, kile kipimo kinachochungulia mfupa wa kifundo cha mkono kuona kama bado unakua. Hakutokea. Kongo wakaenguliwa, na Mei 2017 Serengeti Boys wakaenda Gabon, wakatoka sare na Mali, wakawafunga Angola 2-1. Nilishangilia, sitajifanya mtakatifu. Ila sikumsikia mtu yeyote akisema tumeshinda mezani. Safari ile tuliita haki.

Nairobi waliwahi kuwa wepesi zaidi wa kugundua. Kwenye marathoni ya Oktoba 2016 mkimbiaji mmoja alivuka utepe akiwa wa pili, na waamuzi wakamtazama: hakuwa na jasho la mtu aliyekimbia kilomita 42. Ikabainika alikuwa amejichomeka barabarani karibu na mwisho. Alienguliwa siku ileile na kuishia mikononi mwa polisi. Waamuzi wale hawakuwa ndugu zake, na wala hawakuwa wamempikia.

Hapo ndipo ninapotaka kufika na watu wa ndondo na wa michezo ya shule, kuanzia Kamachumu mpaka Bukoba mjini. Kwetu kuuliza ni kazi ya aliyefungwa. Mkishinda, mamluki wa wenzenu ni mchezaji mzuri. Mkifungwa, mnakumbuka kanuni, mnabeba mafaili. Hata wakubwa wako hivyo. Aprili 2017 Kagera Sugar waliifunga Simba 2-1 pale Kaitaba, na baada ya hapo mji mzima ukageuka karani wa kadi: beki wa Kagera ana kadi tatu za njano au mbili? Kamati moja ikawapa Simba pointi, nyingine ikazirudisha Kagera. Ligi Kuu ya nchi, kadi inatolewa mbele ya maelfu ya watu, na bado hatukubaliani kama ilitolewa. Sasa kijiji changu, chenye hazina ya kopo la maziwa ya unga, kingefanyaje?

Kwenye UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi, nimeona mtoto wa darasa la sita mwenye ndevu alizonyoa asubuhi ile. Walimu wa pande zote mbili walimwona. Wa kwake walinyamaza kwa sababu anafunga mabao, wa upande wa pili walinyamaza kwa sababu na wao walikuwa na wa kwao, mrefu zaidi. Watoto wa umri halali, wenye miaka kumi na miwili kweli, walikaa kwenye benchi wakila miwa. Hao ndio walioibiwa, na hakuna rufaa inayokatwa kwa niaba yao.

Ninachotaka ni kidogo. Orodha za wachezaji zibandikwe hadharani wiki nzima kabla ya mechi, kwenye ofisi ya kijiji au mlango wa shule, majina na baba zao na kitongoji, watu wazisome wakienda sokoni. Bibi mmoja wa kitongoji anajua nani ni mjukuu wa nani kuliko cheti chochote. Na anayekagua asiwe wa timu yoyote, asiwe amekula kwa mtu, na akague kabla filimbi haijapulizwa, mgeni na mwenyeji sawasawa, ili asiwepo wa kusema amevunjiwa heshima.

Yule kijana nilikutana naye tena, stendi ya Bukoba, miaka mingi baadaye. Sasa anauza simu. Aliniona yeye kwanza, akainama, "Shikamoo, mama." Safari hii hakusema nyabo. Nikamuuliza alithubutuje. Akasema alikuja akiwa na mpango wa kukimbia usiku uleule, akajua nitamgundua nikileta taa. Nilipoileta nikaondoka kimya, akajua atalala.

Jumamosi hii kuna fainali nyingine, na nimesikia timu yetu ina mgeni. Mwambieni avue viatu.