Maganda Dhidi ya Kutu: Tusishangilie Mapema

Yeyote anayevuka Likoni kwa feri huona jinsi chumvi inavyokila chuma. Kloridi ya maji ya bahari hupenya utando mwembamba wa feleji na kuuvunja, kutu ikapata mwanya. Kwa miaka mingi, mojawapo ya kinga zilizotegemewa ilikuwa kromati, kemikali inayojulikana kusababisha saratani.

Ndiposa wanakemia wamegeukia taka: maganda ya machungwa na ndizi, machicha ya kahawa, makapi ya chai. Tanini iliyomo hung'ang'ania uso wa chuma na kupunguza mgusano wake na maji. Taka hizo tunazo tele.

Hata hivyo, mengi ya majaribio yanayosifiwa yamefanywa katika asidi ya hidrokloriki, ile itumiwayo viwandani kusafishia feleji, tena kwa saa au siku chache. Kufaulu humo hakuthibitishi lolote kuhusu meli inayokaa baharini miaka ishirini. Walimu wa kemia wa Pwani wanaweza kupima wenyewe: misumari, chupa mbili za maji ya bahari, makapi ya chai katika moja, muhula mzima. Matokeo yakiwa mabaya yaandikwe vilevile, tena kwa Kiswahili. Istilahi 'kizuia-kutu' haihitaji kamusi.