Kilifi: Feri Imekwenda, Gati Isipotee

Msafiri wa leo atokaye Mombasa kwenda Malindi huvuka mkono wa bahari wa Kilifi kwa pumzi chache tu. Abiria aliyesinzia huenda hata asijue kuwa chini yake pana maji. Lau angalifumbua macho akashuka hadi pwani, angaliona njia za zamani zikiteremka, moja kwa upande wa Mnarani na nyingine kwa upande wa mjini, kisha zikakomea majini. Hapo ndipo palipokuwa ferini.

Hadi mwaka 1991, lilipokamilika daraja lililojengwa kwa msaada wa Japani, aliyetaka kuvuka na gari lake hapo hakuwa na budi kuingojea feri. Zamani zaidi, safari ya Mombasa hadi Malindi ilikuwa na vivuko viwili, Mtwapa na Kilifi. Cha Mtwapa kilivutwa kwa mnyororo na mikono ya watu, nao wavutaji wakiimba ili nguvu zao ziende pamoja. Kilifi miaka ya mwisho palikuwa na feri ya injini, lakini injini haikuondoa kungojana. Basi lilisimama, watu wakashuka, na mwenye haraka na asiye na haraka wakawa sawa.

Huko kungoja ndiko kulikozaa mji mdogo kando ya maji. Mwenye korosho alipita dirisha kwa dirisha, mwenye madafu akakaa na panga lake kivulini. Palipelekwa salamu, palipatikana habari za harusi na za msiba, na watu wasiojuana wakaulizana koo zao mpaka wakagundua kuwa ni ndugu. Na chombo kilipong'oa, midomo ya wazee ilicheza kwa dua ya safari, kama tulivyofundishwa chuoni tukiwa wadogo.

Hatusemi haya kwa kuitamani feri irudi. La hasha! Mgonjwa aliyekuwa akikimbizwa hospitali Mombasa hakuiona raha ya kungoja, wala mzazi aliyeshikwa na uchungu usiku. Na bahari haina mzaha. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ilipinduka Mtongwe, Mombasa, ikiwa imejaza watu kupita kiasi, na roho 272 zikapotea karibu kabisa na nchi kavu. Mwenyezi Mungu awarehemu. Anayekumbuka siku ile hatalibeza daraja. Daraja ni neema, na neema hushukuriwa.

Lakini kushukuru kipya si kukifukia cha zamani. Kivuko cha Kilifi hakikuanza na magari. Juu ya gati ya kusini, ukipanda ngazi, wafika kwenye magofu ya Mnarani: msikiti uliotiwa nakshi na maandishi ya Kiarabu, na kaburi lenye mnara ambalo ndilo lililoupa mji jina. Mji ule ulihamwa mwanzoni mwa karne ya 17, na katika miaka ya 1950 mtaalamu James Kirkman akayachimba na kuyaeleza magofu yake. Mji uliojengwa juu ya maji kama ule haukuwa na mlango mwingine mkubwa kuliko pwani yake. Waliouswalia msikiti ule walikuwa watu wa vyombo, kama walivyokuwa wajukuu wa pwani hii waliokuja kungoja feri.

Basi ajabu yetu ni hii: mawe ya juu yana mlinzi, yako chini ya Makumbusho ya Taifa, nayo gati ya chini yaachiwa majani na kusahau. Gofu likianguka husemwa historia imebomoka. Lakini mzee aliyefanya kazi ferini akizikwa, husemwa tu kuwa mzee amefariki. Pamoja naye zimezikwa nyimbo, majina ya vyombo, na elimu ya mikondo ya maji ambayo haikuandikwa popote.

Tena kuna jambo la haki. Katiba ya 2010 yahesabu ardhi iliyo baina ya maji kujaa na maji kupwa kuwa mali ya umma. Sote twajua jinsi njia za kwenda pwani zinavyozibwa kwa kuta moja baada ya nyingine, hata mvuvi akazunguka mbali kulifikia dau lake. Njia ya ferini ni njia ya watu tangu zamani. Ikisahauliwa kuwa ilikuwa ya watu, haitachukua muda kupata mwenyewe.

Twashauri haya. Serikali ya Kaunti ya Kilifi iziweke wazi njia za gati zote mbili, na isimamishe ubao wenye kueleza kwa Kiswahili palikuwa na nini. Walimu wawapeleke watoto wakaanzie safari ya Mnarani majini, wapande ngazi kama walivyopanda wa kale. Nasi wenye wazee majumbani tuwaulize leo, tuandike, kwani kesho si yetu.

Wahenga walisema: usisahau ubaharia kwa sababu ya unahodha. Leo sote tu manahodha, twapita juu bila kulowa miguu. Tusiwasahau waliotuvusha.