Treni Ziko, Mashinisti Hakuna



Kwetu huku, tukisikia kama kompani imebadilisha mwenyewe, swali la kwanza nyumbani ni hili: mshahara utatoka siku gani? Ni swali la haki, watoto wanapashwa kula. Lakini kuna swali la pili ambalo wakubwa wengi wanasahau kuliuliza: kazi hii, nani anaijua? Mwezi huu tutazame namna swali hilo lilivyowapata watu wa Uingereza na Ujerumani. Wao wanaenda kazini kila asubuhi kwa treni. Treni zao zilipewa mwenyewe mpya, na baada ya muda mfupi mashinisti wakakosekana.

Kompani ya mabisi inapokea treni

Katika Uingereza treni zilikuwa mali ya serikali tangu mwaka 1948. Mwaka 1993 Bunge likapitisha sheria ya kuigawanya kazi hiyo. Njia ya reli ikawekwa mkononi mwa kompani moja, injini na mabehewa yakawa ya kompani zingine zinazoyakodisha, na kazi ya kubeba abiria ikakatwa vipande 25. Kila kipande kilitolewa kwa kontra ya miaka fulani.

Tarehe 4 Februari 1996 kipande kikubwa kinachoitwa South West Trains kikaingia mkononi mwa Stagecoach. Hizo ndizo treni zinazoleta wafanyakazi wengi sana London asubuhi, kwa gare ya Waterloo. Stagecoach ilikuwa kompani ya mabisi kutoka Scotland. Miaka ile mabisi yake yalikuwa hata Nairobi na Malawi. Kontra ilikuwa ya miaka 7, na kila mwaka msaada wa serikali ulipaswa kupunguka. Basi wakubwa wapya wakatafuta mahali pa kupunguza matumizi.

Walipohesabu mashinisti, wakaona ni wengi kupita kazi iliyopo. Wakasema: anayetaka kuondoka, apokee feza yake aende salama. Mashinisti zaidi ya 70 wakapokea. Kwa karatasi, hesabu ikapendeza kabisa.

Lakini mwanzoni mwa mwaka 1997 karatasi na reli hazikupatana tena. Karibu treni 40 kwa siku zilifutwa. Injini zilikuwapo, mabehewa yalikuwapo, umeme ulikuwa kwenye reli. Mtu wa kuketi mbele ndiye hakuwapo. Abiria wakasimama gare, wengine wakachelewa kazini siku kwa siku. Ofisi ya serikali iliyotoa kontra ikaitisha kompani kwa faini ya pauni milioni 1.

Juu ya nini hawakuandika wengine upesi?

Kijana mmoja anaweza kusema: Pasta, hiyo si kitu, tangaza tu kazi, watu watakuja mbio! Kweli, watu wanakuja. Lakini aliyekuja si mashinisti bado.

Dereva wa bisi anaweza kufundishwa kwa majuma machache. Mashinisti wa treni huko anahitaji mwaka mmoja, mara nyingi na zaidi. Kwanza anajifunza sheria na alama za taa. Kisha anajifunza injini yenyewe, na kila aina ya injini ina masomo yake. Kisha anajifunza njia. Hapo ndipo watu wengi hawafahamu. Treni nzito haisimami sawa na baiskeli. Inahitaji mamia ya metres, hata kilometa moja na zaidi kama inakwenda mbio. Kwa hiyo mashinisti anapaswa kujua mbele ya kuona: mteremko unaanza wapi, taa imejificha nyuma ya daraja gani, reli zinagawanyika wapi, mahali gani majani yanayoanguka yanafanya reli kuteleza. Akikwisha kuijua njia ile, anatia sahihi yake. Njia ambayo hakuitilia sahihi, haruhusiwi kuipita peke yake.

Tena, nani anamfundisha mgeni? Ni mashinisti mzee. Ukiwaruhusu wazee kuondoka, umepoteza watu wa kuendesha, na umepoteza walimu pia. Zamani za injini ya moshi, kijana alianza kwa kusafisha injini, kisha akatia makaa motoni, na miaka mingi ilipita mbele ya yeye mwenyewe kushika usukani wa kazi. Ilikuwa ndefu, lakini kila mzee alikuwa na kijana nyuma yake.

Kuna neno lingine. Wakati kompani ilikuwa moja, kumfundisha mtu hakukuwa hasara, alibaki ndani ya nyumba. Zilipokuwa 25, kila moja ikaona ni rahisi kumvuta mashinisti aliyefundishwa na jirani, kwa kumwongezea mshahara. Mishahara ya mashinisti ikapanda, na hilo si baya kwao. Lakini kuvutana hakuzai mashinisti mpya hata mmoja. Ni sawa na watu wawili kuvutana blanketi moja: mmoja anafunika miguu, mwingine anabaki na baridi. Nyingi za kompani zile zikazoea kuishi kwa saa za nyongeza, kwa kuwaomba watu kufanya kazi siku yao ya kupumzika. Siku watu wanachoka au wanakataa, treni zinafutwa.

Bonde la makaa ya mawe

Tuvuke bahari kidogo, twende Ujerumani, katika bonde la Ruhr. Wasomaji wetu wa migodi watalielewa bonde hilo upesi: ni nchi ya makaa ya mawe, na mgodi wake wa mwisho ulifungwa Desemba 2018 katika mji wa Bottrop. Miji yake imeshikana, Dortmund, Essen, Duisburg, na watu wanatoka mji huu kwenda kazi mji ule kwa treni.

Kompani Keolis ya Ufaransa ilipata kontra ya njia mbili za huko, S1 na S4, ianze Desemba 2019. Lakini mwisho wa Septemba, miezi kama mitatu tu mbele ya kuanza, mamlaka ya usafiri ikaivunja kontra ile. Sababu: mashinisti hawakutosha. Kompani ya zamani, ya serikali ya Ujerumani, ikaombwa kuendelea.

Katika Uingereza kazi ikipata mwenyewe mpya, sheria inawapeleka wafanyakazi pamoja na kazi yao, na haki zao zinakwenda nao. Ujerumani haikuwa hivyo sikuzote. Mashinisti aliweza kubaki kwa mwenyewe wa zamani, naye akampa njia nyingine. Basi mgeni alishinda kontra, lakini alikuta kiti cha mbele ni kitupu. Baadaye katika jimbo lile kompani na mamlaka waliungana kutafuta vijana na kuwafundisha. Ilikuwa akili, ijapokuwa ilikuja kwa kuchelewa.

Na si mambo ya zamani tu. Treni zile za Waterloo zilipita mkononi mwa kompani nyingine mwaka 2017. Mwaka huo huo treni mpya 90 ziliagizwa. Ya kwanza ilibeba abiria Januari 2024. Tarehe 25 Mei 2025 serikali ilipozirudisha njia hizo mkononi mwake, treni mpya zilizokuwa zikifanya kazi zilikuwa chache sana, na moja ya sababu ni kwamba mashinisti walikuwa hawajafundishwa wote. Mali ya feza nyingi, imesimama inangoja mtu.

Na sisi?

Neno moja tulishike. Kontra inatiwa sahihi kwa siku moja, lakini ufundi hauhami kwa siku moja. Serikali au kompani inayotaka kubadilisha mwenyewe wa treni inapaswa kuuliza mbele: mashinisti ni wangapi, wangapi wanakaribia kustaafu, wangapi wako shuleni leo? Majibu hayo yaandikwe ndani ya kontra, na shule ianze mwaka mmoja au miwili mbele ya treni ya kwanza.

Sisi wa Katanga tunajua feza ya kuondoka ni nini. Miaka ya 2003 na 2004 watu zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliipokea; tuliita départs volontaires. Kila nyumba ina hadithi yake. Mara nyingi tunazungumza juu ya feza ile, ilitosha ama haikutosha, iliisha namna gani. Ni mara chache tunauliza habari ya ujuzi: mzee yule aliyeijua pompe kwa mlio wake tu, alimwachia nani sikio lake?

Vijana, kama baba au mjomba wako ni mashinisti, soudeur, ama fundi wa umeme, usingoje kompani ikufungulie shule. Ketini naye jioni moja. Mwulize kazi yake inaanzia wapi, hatari iko wapi, na ni nini ambacho hakikuandikwa katika kitabu. Chukua kaye na kalamu, uandike. Na ninyi wazee, mkiulizwa, msifiche. Wakubwa wa kazi watabadilika tena, na siku hiyo watauliza: nani anaijua?